Maneno ya Mzee Masanja

Jumatatu, 4 Machi 1974
Wiki ya pili kazini tangu lori la pamba lipinduke nami njia ya Segese. Kovu la kichwani limefunikwa na nywele. Watu wanadhani nimepona.

Leo shahidi, mama mmoja wa Kisukuma, alieleza kwa kirefu. Nikasimama kumfasiria hakimu kwa Kiswahili. Nikarudia yote kwa Kisukuma, vilevile alivyosema. Sikujua mpaka watu walipocheka. Hakimu ni mtu wa Tanga, Kisukuma hajui hata salamu. Alidhani natania.

Miaka kumi na mmoja mkalimani. Sijawahi kuchekwa.

Ijumaa, 8 Machi
Siwezi kukaa. Nimetembea hadi mashine za mpunga, nikarudi, nikaenda tena. Kichwa kinavuma. Jina la karani tunayefanya naye kazi, mtu wa Maswa, limenipotea kutwa nzima. Nimempigia kelele mke wangu, Mama Kulwa, kwa sababu ya chumvi. Zamani sikuwa hivi. Watoto wetu pacha wamejificha nyuma ya nyumba. Naona aibu.

Jumanne, 12 Machi
Kesi ya ng'ombe. Mshtakiwa ni Mzee Masanja, ameshikwa na ng'ombe watatu wa watu. Alisema amepewa awachunge. Mimi nikasema amewachukua.

Binti yake, Nyamizi, amesoma. Alisimama kule nyuma ya ukumbi: "Baba hakusema hivyo."

Hakimu akamkalisha. Akanigeukia. "Mkalimani, umesema alivyosema?"

Nikasema ndiyo.

Nilikwisha jua nimekosea. Nilisema ndiyo kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Mzee karudishwa mahabusu. Hukumu keshokutwa.

Jumatano, 13 Machi
Sikuenda kazini. Nimezunguka stendi, soko, mnadani, stendi tena. Chakula hakipiti. Kila mzee mwenye mgolole namwona ni yeye.

Jioni nimemwambia Mama Kulwa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Baba Kulwa, nenda kaseme."

Nikamwambia nikisema, kazi imekwisha. Akasema anajua.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeenda mapema, kabla kikao hakijaanza. Nimemweleza hakimu yote, na lile la mama wa Kisukuma. Kiswahili kilinikwama mara mbili, akasubiri. Hakukaripia. Ingekuwa nafuu angekaripia.

Mzee amesikilizwa upya. Amefasiri karani, yule wa Maswa. Mimi nimekaa benchi la watu. Mwenye ng'ombe alipobanwa akakiri kwamba kweli alimkabidhi mzee, wakagombana baadaye. Mzee ameachiwa. Amepita mbele yangu bila kunitazama. Nyamizi alinitazama.

Karani anafasiri vibaya. Mzee alisema ng'ombe wa mwenzio humlazi njaa, yeye akafasiri "niliwatunza" tu. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili nisisimame.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mistari minne. Imenichukua saa nzima.

Jumanne, 26 Machi
Namwonea karani wivu. Sina jina jingine la kuupa. Napita mbali na mahakama lakini miguu inanipeleka. Leo nimesimama chini ya dirisha nikisikiliza, nikifasiri kimoyomoyo. Nikachanganya. Nikaondoka haraka kama mwizi.

Najiuliza mimi ni nani nisipokuwa na maneno ya watu mdomoni. Nimelima tuta moja la viazi, nikaliacha nusu.

Jumapili, 7 Aprili
Misa ya Matawi. Mvua imenyesha asubuhi, ikakatika.

Njiani mama mmoja kanisimamisha, kashika karatasi ya mahakama. Tukaamkiana: mwangaluka, mwangaluka. Akauliza kwa Kisukuma nyumba ya mkalimani ni ipi, ameambiwa iko upande huu.

Nikamwambia mkalimani siku hizi ni mtu wa Maswa, anakaa nyuma ya soko. Nikamsindikiza hadi njia panda nikamwonyesha paa.

"Wabeja, baba," akashukuru.

Nimerudi nyumbani. Mama Kulwa kapika wali na maharage. Nimekula, nimekaa.