Zamu ya Mwende

Jumatano. Hapa Kithimani kumeloa mvua tangu alfajiri, na mimi nimekaa mezani bila hata kuwasha jiko.

Jana tulimzika Mwende. Urafiki wetu ulidumu kuliko ndoa yangu.

Naandika kwa sababu jana niliulizwa swali moja nikajibu kwa uongo.

Mimi ndiye karani wa mwethya wetu, kikundi cha wanawake tunaolimiana mashamba kwa zamu. Ni karani pia wa kamati ya maji, wa kwaya, na wa shule ya chekechea. Nina miaka sabini na mbili na simu yangu haitulii. Nilijivunia hilo. Mtu aliyefukuzwa kwake akaanza upya ugenini hupenda kuhitajiwa. Huona kwamba anayehitajiwa hafukuzwi. Nadhani ndivyo nilivyowaza miaka yote, ingawa sijawahi kuliandika mpaka leo.

Tangu Julai Mwende alitaka matuta ya shamba lake yachimbwe upya kabla ya mvua. Mara tatu zamu yake ilifika, mara tatu nikaisogeza. Kwanza nilimpa mke wa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa kamati ya maji, na mara ya tatu siku yenyewe iligongana na mkutano wangu. Mwingine angenung'unika. Mwende alicheka tu. "Karani, mimi niweke hapo chini kabisa. Mimi siendi mahali."

Nilimweka chini kabisa.

Wiki iliyopita alianza kuchimba peke yake. Jirani alimkuta amelala kando ya mtaro, jembe chini ya mkono. Hospitalini walisema ni presha. Huenda ingemkuta hata akiwa jikoni. Sijui, na sitajua.

Jana kikundi kizima kilifika kwake, wanawake ishirini na sita. Walichota maji, wakapasua kuni, wakapikia waombolezaji muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Msimu huu wote hatukuwa tumekanyaga pale.

"Karani, hata sufuria ziko na ratiba, ama tuoshe tu?" Kalekye, mmoja wa kikundi, akaniuliza, na wenzake wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka matangani. Mimi nilikuwa natazama shamba. Maji ya mvua yalikuwa yakishuka na udongo wake mwekundu hadi barabarani.

Hapo ndipo Ndinda, binti ya Mwende, aliponiletea chai.

"Anti, mama alikuwa ananiambia kwa simu zamu yake iko karibu. Ilikuwa lini?"

"Wiki hii," nikasema.

"Afadhali. Nilikuwa nafikiri mlimsahau." Akanishika mkono, akaniambia asante kwa kuwa rafiki wa mama yake.

Alinishukuru.

Ninachoshindwa kukivumilia ni hiki. Nilifika hapa na watoto watatu na magunia mawili, nyumba yetu ikiwa imechomwa kule Bonde la Ufa na vitabu vyangu vyote ndani. Sikujua neno la Kikamba. Sikuwa mwanachama wa chochote. Asubuhi moja nikasikia majembe nje: Mwende alikuwa amewaleta wanawake wote kulima kipande nilichokodi. Ilipita miaka miwili ndipo nikajua kwamba siku ile ilikuwa zamu yake mwenyewe, na kwamba msimu ule alivuna debe moja la mahindi.

Nilidhani shughuli hizi zote ni njia yangu ya kuurudisha wema ule. Niliurudisha kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kesho saa nne Ndinda anapanda basi kurudi kazini Mombasa. Saa moja nitakuwa mlangoni kwake. Sitaanza na pole, na sitataja presha. Nitamwambia zamu ya mama yake ilifika mara tatu, na aliyeisogeza ni mimi.

Kisha nitasimama hapo hapo mpaka aseme lake.