Kifaru cha Udi

Jumatano, 2 Agosti 1967

Waongo watupu! Leo tena pale kahawani wameisimulia harusi ya Mwanabaraka, na hakuna aliyeipata sawa. Mmoja ati kifaru kilishika moto kikamkimbiza bwana harusi mpaka Ngome. Mwingine ati mie nilitia petroli. Petroli! Mie Gharib, niliyeanza kufungua stovu na karabai kabla baba zao hawajatahiriwa!

Nikawaambia nyamazeni, niulizeni mie niliyekuwako. Kifaru chenyewe ni kile cha vita, cha kuchezea, cha bati, urefu wake mkono mmoja. Askari wa Kizungu alimwachia jirani yangu Muhdhar, fundi wa redio, alipokuwa akirudi kwao. Chaenda kwa redio — Muhdhar ana kisanduku chake, akifinya hapa chaenda, akifinya pale chageuka, akifinya kile kitufe chekundu chatoa moshi. Redio kazi yake. Moshi kazi yangu. Miaka mitatu hivyo. Harusi ya bintiye ilipofika tukasema kifaru kizunguke barazani kiwafukize wanaume udi, mtu asisumbuke na chetezo. Fikira yangu hiyo! Nikamwambia Muhdhar: bado, utambi haujalowa. Yeye na haraka zake akawasha. Puuu! Moshi mweusi, kanzu ya bwana harusi ikawa kama sufuria. Hiyo ndiyo hadithi.

Wakacheka. Nami nikacheka kuwashinda.

Muhdhar hanisemeshi, wiki ya tatu sasa. Kisanduku kwake, kifaru kwangu, na katikati ukuta wa mbao tu.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimekifungua leo. Kile kikopo cha moshi si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa. Utambi ndani, waya umezungushwa juu yake, waya ukipata moto mafuta yanafuka. Basi. Stovu tu hiyo, imevaa nguo za vita!

Utambi umekuwa mkaa. Udi umegandia chini kama ukoko wa wali, nimeukwangua kwa sindano ya stovu mpaka vidole vikafa ganzi. Waya umekatika. Nimekata mwingine kutoka jiko bovu la stima. Mizunguko minane, si saba, si tisa — ukiwa mfupi wachoma, ukiwa mrefu hata nzi hapati joto. Zamani mie nikizungusha Muhdhar akihesabu. Mie herufi nimezisomea kwenye makopo ya chai, lakini hesabu ikipita sita yanipotea. Leo nimeufungua nikaanza upya mara nne.

Ng'ambo ya ukuta — kimya. Siku hizi hata redio hazilii humo.

Jumamosi, 5 Agosti

Mafuta sasa. Mafuta ya taa: yanuka, tena yashika moto. Mafuta ya nazi: moshi kiduchu, mkaa mwingi, na paka wa mtaa mzima mlangoni wakidhani napika. Nikakumbuka yale maji mazito ya chupa wanayouza duka la dawa, ya kulainisha tumbo. Hayana harufu, hayaungui ovyo.

Karisa wa duka la dawa akaniuliza polepole, mzee, siku ya ngapi hujaenda? Nikamwambia si mie, ni kifaru. Akanitazama. Akanipa chupa kubwa.

Kufika nyumbani habari zishafika! Nana, jirani yangu wa mahamri, amepiga kelele kutoka dirishani: "Mzee Gharib, pole! Nikuchemshie mapapai?" Nikamjibu chemsha, nawe ukae mbali na upepo. Njia nzima ikacheka.

Nimelowesha utambi, nikagusisha betri. Moshi mweupe! Laini, kama pamba iliyochambuliwa! Nikageuka nimwambie mtu: tazama. Hapana mtu. Tangu marehemu mke wangu aondoke, wa kumwambia tazama alikuwa mmoja tu.

Nikagonga ukuta. Ng'ambo nikasikia nyundo ikinyamaza. Kisha ikaendelea.

Jumatatu, 7 Agosti

Nana asema Muhdhar yuwahamia Malindi kwa nduguye. Ijumaa. "Kwani hukwambiwa?" Nikasema nimeambiwa zamani.

Sikuambiwa.

Jumanne, 8 Agosti

Mwanabaraka amekuja kutoka Tononoka kwa mumewe. Nikamtania, haya bibi harusi, mumeo kashatakata? Akasema, "Ami Gharib, kanzu ilifuliwa siku ya pili. Mume wangu hata leo akikumbuka acheka. Baba hahami kwa kanzu."

Kwa nini basi?

"Kwa lile neno lako, bado. Mji mzima wasema ulilitamka mbele ya watu na baba hakulisikia. Wasema masikio yake yamekufa. Ami, nani atampelekea redio fundi kiziwi? Tangu harusi hajapata hata redio tatu."

Nikasema basi na akanunue masikio, Malindi ni rahisi. Hakucheka. Ameacha kahawa nusu kikombe. Imekaa mpaka sasa, sijaimwaga.

Alhamisi, 10 Agosti

Moshi mzuri. Naweza kuuwasha mwenyewe kwa betri. Lakini kifaru hakisogei.

Ijumaa, 11 Agosti

Tumetoka kuswali. Mkokoteni uko mlangoni mwa Muhdhar, hamali watoa makasha. Wale wa kahawani wote wamesimama njiani, na mmoja ameniita: "Mzee Gharib, njoo! Tusimulie ile ya kifaru kabla mwenyewe hajaondoka!" Wanataka niisimulie naye akiwa papo hapo, wamtazame uso.

Nikawaambia subirini, navaa viatu. Viatu ninavyo miguuni.

Nimekaa hapa mezani, kifaru mbele yangu, utambi umelowa tangu alfajiri. Na sasa hivi — wallahi sitii chumvi! — kimeruka chenyewe, shubiri moja, kikatoa moshi. Mweupe. Ng'ambo ya ukuta kuna kidole kimefinya kile chekundu. Labda ajaribu kisanduku kabla ya kukifunga kashani. Labda aniita. Sijui. Moshi waendelea, hajaachia.

Huko nje waniita tena. Kabla sijatoka naandika hapa neno la kweli, mkono uzoee, kisha mdomo.

Siku ya harusi utambi sikuulowesha. Nilikuwa nikiwasimulia wageni vile nilivyotengeneza taa za meli nzima kwa usiku mmoja, nikasahau. Muhdhar aliniuliza mara mbili: tayari? Tayari? Alisikia vizuri, masikio yake mazima kama ya paka.

Ile "bado" nimeitia mwenyewe hadithini. Nilimwambia: washa.