Soji ya Leso na Mkanda wa Farasi

Muyeye, Malindi

Mdogo wangu Athumani,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Kifua kimepoa? Mkeo bado anakutilia pilipili? Sisi tu wazima, ila mwandiko huu usiucheke. Ni wa mjukuu wangu Mwanaisha, anaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta.

Nilikwambia anacheza mchezo wa farasi kwa yule Mzungu mwenye mazizi. Farasi anazungushwa kwa kamba ndefu, mtoto anasimama mgongoni kaitandaza mikono. Usianze na "mtoto wa kike na farasi wapi na wapi." Wewe punda wa baba ulimpanda uchi, mtaa mzima ukitazama.

Sasa sikiliza. Farasi huyo hatiwi kiti. Hufungwa mkanda mpana wa ngozi wenye vishikio viwili, na chini yake soji nene ya kumlinda mgongo. Yao ilichakaa, nikawashonea nyingine kwa leso zangu, nikaijaza sufi, kama baba alivyowashonea punda wake. Watoto wakairukia, salama salimini.

Jumamosi wakaja wageni wa hoteli na kamera zao. Yule Mzungu akaivua soji yangu. "Mama, kitambaa hiki cha jikoni kitaniharibia picha." Kaivua, na mkanda asiukaze upya! Ulipimwa juu ya soji, Athumani! Mwanaisha kainama kushika, mkanda ukazunguka mpaka tumboni mwa farasi, na yeye nao. Mkono ukavunjika ka!

Na unajua alisema nini mbele ya watu? "Mtoto aliachia." Aliachia! Tumemwokota chini ya farasi, kishikio kingali kiganjani! Nikamwambia, "Ewe bwana, haya huna?" Nikaufungua mkanda, nikautia begani, huyoo nyumbani.

Jana kaja na biskuti. Nikamwambia meno ya biskuti sina. Awaite watoto wale wale waliomsikia, aseme kwa kinywa chake: hakuachia. Kaondoka kanuna. Hapa Mwanaisha hataki kuandika, ati atafukuzwa mchezoni. Nimemwambia andika.

Mkono ukipona atapanda tena, na mimi nitakuwapo. Ile soji ya baba iliyoko ghalani kwako mpe dereva wa basi la Mokowe aniletee; yangu ilibaki mazizini, na leso zimeniishia.

Nisalimie wifi yangu mtia pilipili, na binti yako mkunga, na shangazi yetu kiziwi; mpigie kelele asikie kuwa nampenda.

Mkanda uko mvunguni mwa kitanda changu. Akiutaka, la kusema analijua.

Dada yako,
Zuhura

Shikamoo, babu. Sikuachia.
Mwanaisha