Nyumba ya Mwanasesere Imekamilika, Lakini Mkono Hauingii

Shangazi wa gazeti,

Naomba unisikilize wewe, kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza tena. Mimi ni mwashi, nimejenga nyumba za watu mpaka viganja vimeota sugu na sijawahi kuitwa kurudia ukuta, sasa binti yangu wa darasa la pili akaniambia, "Baba, unawajengea watu wote, mwanasesere wangu analala chini ya meza," nikasema haya, naye atajengewa, nikaanza na mabaki ya plaiwudi, na sikufichi, nilikosea mengi, lipu ya kwanza ilibanduka yote kwa sababu saruji haishiki kwenye mbao tupu, nikajifunza kutandika wavu kwanza, ngazi nikaikadiria kwa macho ikasimama wima kama ya kupandia darini, nikaing'oa nikapima, mlango wa chumbani ukawa unagonga kitanda, nikauhamisha, na kila kosa lilinifunza kitu, mpaka ikasimama nyumba, Shangazi, nyumba! Ya ghorofa, kuta zimenyooka kwa timazi, madirisha ya kioo yenye nondo za spoku za baiskeli, vitanda vimetandikwa, nikapigilia paa, nikapaka rangi, nikaiweka juu ya kabati la sebuleni, na mafundi wenzangu walipokuja waliizunguka midomo wazi.

Kumbe nimefanya kosa la mwashi hasa: nimejenga kuta zote nne. Mlangoni vinapita vidole viwili tu, mwanasesere mwenyewe anakwama mabegani, kung'oa paa hakusaidii maana mkono utafika ghorofani tu, na mwanangu alikuwa akipanda kiti anachungulia dirishani kwa jicho moja, sasa hata kuchungulia ameacha. Juzi nimemkuta amemlaza mwanasesere kwenye boksi la viatu, nikamuuliza kulikoni, akajibu bila hata kukasirika, "Hili ni letu, baba. Ile ni yako." Shangazi, yalinichoma. Mke wangu anasema nikate ukuta wote wa mbele niutie bawaba, mimi nasema lipu ile ikipitiwa na msumeno itapasuka, na ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, afadhali nimjengee nyingine ya kuchezea na hii ibaki pale juu. Mke kaninunia. Nifanyeje?

Mwashi wa Kuta Zilizonyooka

Fundi wangu,

Kwanza hongera, tena naitoa kwa moyo mweupe. Wangapi wanaombwa kitu kama hicho wakasema "kesho, mwanangu," mpaka mtoto akaota ndevu? Wewe ulishika mwiko. Jivune, una haki.

Sasa nikuseme. Mtu mzima umebandua lipu, umeng'oa ngazi, umehamisha mlango, wala hukulia. Leo umefika kwenye kosa la mwisho unataka kulipandisha kabatini lisifiwe na wageni? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yako haifunguki! Na hiyo ya pili unayotaka kujenga ni ujanja tu: nzuri ibaki yako, ya kuchezea iwe yake. Mwanao amekwisha kukuona, ndiyo maana hakukasirika. Mtoto akikasirika bado anadai. Huyu wako ameanza kuacha kudai, na hilo ndilo la kukutia hofu, si ufa wa lipu.

Mkeo ana haki. Mwombe radhi leo, wala usimwambie umetumwa na mimi, jifanye umewaza mwenyewe.

Kisha kata. Usikimbilie msumeno: kwangua lipu kwenye mstari mpaka uione mbao, kata wavu kwa koleo, ndipo upitishe msumeno pole pole. Kingo zikimeguka utaziba, au umesahau kazi yako? Ukuta ule ule utie bawaba pembeni, ufunguke wote. Na mstari achore mwanao, wewe shika rula tu, kwa sababu mikono itakayoingia humo ni yake, nawe hujawahi kuipima.

Ukimaliza, iteremshe sakafuni. Na kabla hujaingiza hata kidole, piga hodi, usubiri ukaribishwe. Nyumba ina mwenyewe.