Vitako vya Mabakuli

Jumatatu, 3 Machi
Mikono imegoma tena. Nimeamka vidole vitatu vya kulia vimekufa ganzi, kufunga vifungo vya blauzi ni mtihani. Nikakaa kwenye gurudumu la kufinyangia hivyo hivyo, maana mwenye mgahawa anataka mabakuli yake kabla ya mwezi kwisha. Kufika mchana kifundo cha mkono kinawaka moto. Mume wangu akapita, akasema nipumzike. Nikamwambia apumzike yeye na tanuri lake. Akacheka, lakini si sana.

Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kwa daktari wa viungo. Binti mdogo, anaongea polepole kana kwamba nimeumia kichwa. Akanigongagonga kifundoni — umeme mpaka kwenye kucha. Mshipa wa fahamu umebanwa, anasema. Nivae kifungio cha kunyoosha kifundo usiku. Udongo uwe laini, kiti kiinuliwe, viwiko viegemee mapajani, kifundo kisikunjike, na nisikande udongo kabisa. Nikauliza: nikiendelea kama zamani je? Akasema ganzi inaweza ikabaki moja kwa moja.

Ikibaki, basi tena, gurudumu nimeliaga. Njiani nililia kidogo. Kazi nyingine siijui, na wala siitaki.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi Moto — mume wangu huyo, maana tanuri ni lake, mimi siligusi — sasa ndiye anayekanda udongo. Anaukanda kama wana ugomvi wa zamani. Kiti changu kakiinua kwa mbao. Udongo laini unaniudhi: bakuli likipanda tu linalegea, linakaa chini kama mtoto aliyenuna. Lakini maumivu yamepungua, lazima niseme.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi kutoka mazoezi kwa daktari, tanuri limeshafunguliwa. Mabakuli mezani, mazima, hata ufa hakuna. Niliyaona machache. Fundi Moto akasema mwenye mgahawa alituma mtu, kachukua sehemu. Haya.

Jioni nimefinyanga bila kuuma meno. Hata nikajikuta naimba.

Ijumaa, 14 Machi
Ganzi bado ipo, maumivu hakuna. Lile dimbwi la getini tunaloliruka tangu mvua za mwaka jana — bwana kaliziba leo, alfajiri, bila kuombwa. Sijui kaamkaje. Nimemsifu.

Jumanne, 18 Machi
Fundi Moto alikwenda kujaza gesi. Tanuri limepoa tangu asubuhi, nikaona, ah, ngoja nimsaidie. Nimefungua mwenyewe.

Bakuli la kwanza, ufa kwenye kitako. La pili hivyo hivyo. La tatu ufa umezunguka mpaka kitako kikanibaki mkononi. Sikuendelea kutoa. Nilivipapasa vile vitako: huku panene, kule pembamba kama ganda la yai. Kitu nilichokuwa nakijua kwa ncha ya kidole, bila kufikiri. Mimi!

Akaingia na mtungi wa gesi begani, akaona mlango wa tanuri uko wazi. Hakuutua. Nikamuuliza: na ya wiki iliyopita? Akatazama getini. Nikaenda kulichimbua dimbwi kwa kisigino, nikakuta vigae vya mabakuli, vina rangi yangu ya kijani.

Kumbe hakuna mtu aliyetumwa. Nilimfokea mpaka jirani akachungulia dirishani. Akasema: umeanza kuimba, mama, ningekwambia nini? Nikamwambia angeniambia kwamba naharibu kazi. Akasema ndiyo. Basi. Chakula kila mtu kala kivyake.

Alhamisi, 20 Machi
Daktari wa viungo anasema maumivu huwa yanatangulia kuondoka, ganzi inafuata. Au haifuati. Nikamwambia azungumze kama mtu mzima, ndiyo au hapana. Akasema hajui bado. Nilimpenda kwa hilo, na nilikasirika vilevile.

Nyumbani hatujasemeshana vizuri. Nina hasira naye, na nina aibu, maana najua hata mimi ningemficha. Mwenye mgahawa kapiga simu, nikaiacha ilie.

Ijumaa, 21 Machi
Naandika karakanani, mikono ina udongo, ukurasa umeshachafuka.

Asubuhi Fundi Moto kaja mwenyewe na donge alilolikanda, laini, kaliweka katikati ya gurudumu. Akasema: finyanga moja tu, halafu tulikate tuone. Bakuli bichi ukilikata katikati kwa waya, unene wake wote unauona, hapo hakuna kufichana. Nikaweka viwiko mapajani, kifundo kimenyooka, kama nilivyoambiwa. Nilikwenda taratibu. Kitako nilikibonyeza kwa kidole cha mkono wa kulia, makusudi, ingawa wa kushoto una nafuu.

Sasa lipo mbele yetu. Zuri kwa nje. Akaniambia: sema wewe kwanza, kitako kikoje? Nikasema kiko sawa kote, unene wa kidole kidogo. Akauliza umekisikia, au unakisia? Nikasema nimekisikia. Nadhani nimekisikia.

Waya anao, kaushika ncha zote mbili. Nimemwambia kata. Anasema pengine tungoje likauke kidogo. Fundi mzima huyu, anajua likikauka waya haupiti. Nimemwambia tena, kata bwana. Anasema nimalize kwanza kuandika.

Kwa hiyo naandika.