Magugu ya Mtoni

Jumamosi, Aprili 1971

Nimetabasamu leo mpaka mashavu yanauma.

Niliporudi kutoka kupeleka majani ya chai kituoni, nilikuta Mama Chebet na wenzake wa kanisa shambani kwangu na mapanga. Hapa Kiptere, mwanamke akiacha magugu yasimame, ama ni mvivu ama anaumwa. Wao walichagua kuniona mgonjwa. Ni watu wazuri, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Niliyaacha kwa makusudi. Chai juu, mboga katikati, na kando ya mto ule ukanda wa matete, wa kushika udongo na wa ndege kutagia. Wameufyeka wote.

“Sasa ni safi, Mama Moraa,” akasema Mama Chebet. “Wewe pumzika tu.”

Nikawapikia chai. Wakaniombea nipate nguvu, nikaitikia amina.

Sasa mvua inanyesha na udongo wangu unateremka mtoni. Wamesema Jumamosi ijayo watarudi, wafyeke na kichaka nilichowaachia nyuki.

Lazima niwaambie kwamba siumwi. Na nikishawaambia, itabaki lile neno lingine.