Santuri Mbili

Karatu, Julai 1985

Mdogo wangu Felisiani,

Baridi ya huku inapasua midomo, na shangazi wa Endabash amevuna maharage ya kupima kwa kikombe. Katibu wa tawi bado anahubiri kwamba disko ni uhuni wa mabepari. Nilimwuliza mbele ya watu, "Mbona binti yako hakosi hata Jumamosi moja?" Akakohoa, akafunga mkutano.

Zoezi ulilonifundisha nalifanya kila siku. Santuri moja inaimba kwenye spika, ya pili naisikiliza kwa hedifoni, naongeza na kupunguza kasi mpaka ngoma zao zikanyage pamoja. Jumapili hoteli ya watalii kule kreta inanijaribu kazi ya kupiga santuri. Wakinikubali, naliaga jembe.

Sindano za kifua kikuu zimeniponya, ila zimeliua sikio la kushoto. Daktari anasema halitarudi. Usiniandikie pole, pole haichanganyi muziki.

Jana, hedifoni ikiwa kwenye sikio zima, nilidhani nimeweza, ngoma ilitoka safi kabisa. Nikaziachia zote mbili kwenye spika, nikamwita mke wangu asikie. Marsela alisimama mlangoni, kisha akasema taratibu, "Baba Antonia, mbona nyimbo zinagombana?"

Mimi nilikuwa nasikia moja tu.

Kaka yako,
Martini